Nilimwambia Kila Mtu Binti Yangu Anatibu Moyo

Kosa ni langu. Sio la shetani, sio la Marekani. Langu! Nalisema hapa bila jina kwa sababu kanisani siwezi kulisema, na mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, huko Kivu. Kwenye kambi ya wakimbizi nilikaa hadi ndevu zikaota mvi. Texas nilianza kwa kubeba maboksi ghalani, Grand Prairie, na leo nina magari yangu mwenyewe ya kusambaza mizigo. Binti yangu, nitamwita Neema, nimemsomesha mpaka akawa nesi wa ngazi ya juu, yule anayepima mwenyewe na kuandika dawa mwenyewe. Hapa wanawaita NP. Nani hangeringa?

Alihitimu pamoja na rafiki yake, Riziki. Riziki akaenda Houston, kitengo cha moyo. Wenzao wakachukua watoto wachanga, ngozi, mifupa. Wangu mimi akachagua nini? Magonjwa ya akili! Kliniki yenyewe iko Mansfield.

Jamani, nilitaka kupasuka. Jasho langu lote hilo, halafu mtoto ahudumie vichaa?

Jumapili moja baada ya ibada, Fort Worth, wakaniuliza, "Papa Neema, binti anatibu nini?" Mdomo ukanitangulia: "Moyo." Nikamwazima kazi ya Riziki, hivyo tu. Tangu siku hiyo nikawa Papa Dokta.

Basi wakaanza kuja nyumbani kila Jumapili, mikono ya mashati imekunjwa, wapimwe presha! Neema akawapima kwa heshima, akawaambia waende kwa madaktari wao. Halafu akanivuta jikoni.

"Papa, umewaambia nini hawa watu?"

"Kwamba wewe ni wa moyo."

"But I'm not! Mimi ni wa akili."

"Punguza sauti!"

"Unajua siku yangu inaendaje, Papa? Anatoka mama analia tangu ajifungue. Anaingia askari mstaafu, akisikia fataki anajificha bafuni. Mchana nabishana kwenye simu na watu wa bima waliokataa kulipia dawa. Jioni bado naandika habari za kila mgonjwa, chakula kimepoa. Hiyo ndiyo kazi unayoificha?"

"Dawa ni dawa," nikamwambia. "Watu wanasubiri. Kawapime."

Eh! Mdomo huu!

Sasa nina rafiki, tuseme Papa Furaha. Kambini vibanda vyetu viligusana, na hapa alikuwa dereva wangu. Siku moja aliniomba tukae ndani ya gari, nje ya ghala. Akapandisha vioo.

"Ndugu yangu, usingizi umenikimbia. Nikifumba macho nasikia wanagonga mlango, kama siku ile kule nyumbani. Hebu muulize Neema, hajui mtu wa mambo haya?"

"Neema ni wa moyo," nikasema. "Wale wa mambo hayo yeye hawajui. Wewe sali, na kahawa punguza."

Akacheka. "Kahawa? Tangu lini kahawa inagonga mlango?"

Aliniuliza tena baadaye. Nikamjibu vilevile. Ningesema ukweli, kanisa zima lingejua niliwadanganya. Nikailinda sifa yangu!

Asubuhi moja aliacha gari langu katikati ya barabara kuu, injini inaunguruma, mlango wazi, yeye anatembea pembeni kwenye majani na anaongea peke yake. Polisi wakamkuta. Namshukuru Mungu walikuwa na subira. Akalazwa. Alipotoka, hospitali ikampeleka kliniki ya Mansfield. Kwa nani? Kwa Neema!

Mkewe alikuja kwangu. Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Papa Neema, mume wangu alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Uliona aibu ya nani? Ya mtoto wako, au ya mume wangu?"

 

Nikamwambia basi nitasimama kanisani niseme yote. Akaruka!

"Usithubutu! Watu wametuona tunaingia kwa Neema. Wanajua ni moyo. Ukisema ukweli, kesho mume wangu ni kichaa wa Fort Worth nzima. Huo uongo uliuanza wewe, Papa. Ubebe!"

Mnaona nilivyonaswa? Uongo wangu umekuwa blanketi la mtu niliyemuumiza. Nikilivuta, yeye ndiye anabaki uchi.

Papa Furaha wamemkataza kuendesha gari kwa sasa, na huku asiyeendesha ni mfungwa, watoto wake ndio wanampeleka huku na huku. Simu zangu hapokei. Na anayejua hali yake anakula mezani kwangu! Nikimuuliza, "Anaendeleaje?" Neema anatazama sahani.

"Papa, siwezi kuongelea mgonjwa."

Ndiyo sheria ya kazi yao. Mwanangu wa kumzaa, amefunga mlango, na ufunguo nilimpa mimi.

Jumapili bado wanakuja. Bado mimi ni Papa Dokta. 

Juzi mzee mmoja alipimwa, presha yake sawa kabisa, lakini hakuondoka. Neema alipoingia jikoni, mzee akaninong'oneza.

"Papa Dokta, si presha. Silali. Binti hajui mtu wa mambo hayo?"

Swali lilelile!  Nikawaona wote wawili, huyu aliyekaa mbele yangu na yule asiyepokea simu.

"Ni yeye mwenyewe," nikasema. "Neema ndiye wa mambo hayo. Nilidanganya. Lakini ukienda, utakayemkuta pale hukumwona. Umenisikia?"

Akaushusha mkono wa shati polepole, akafunga kifungo.

"Na mimi wakinikuta?"

"Nitasema ni moyo."

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi mnaojisifu kama mimi, acheni! Ukiulizwa mtoto wako anafanya kazi gani, taja hiyohiyo anayoifanya. Anayekuuliza huenda si mdaku. Huenda hajalala.