Walidhani Anasalimia

Kuna Jumamosi moja pale Kagoma naikumbuka hadi leo, mwanangu, na bado inanichemsha damu. Nilikuwa mwalimu kijana wa Kiingereza, kifua mbele, nikiwafundisha wanafunzi wangu mchezo wa kuigiza wa Uingereza ya kale: mjane anafukuzwa na shemeji zake shambani. Niliuchagua makusudi. Shangazi yangu Koku alikuwa mjane, na ukoo wa marehemu mumewe ulitaka kumtoa kwenye kibanja chake, shamba la nyumbani lenye migomba na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Nikawaalika wazee wa ukoo ule, nikawaketisha mbele, wakapewa kahawa za kutafuna, kama tunavyowaheshimu wageni kwetu. Nikasema leo watajiona.

Wangejionaje? Mkuu wa shule alinishauri tuugeuze uwe Kiswahili, nikakataa. Nilitaka wageni kutoka Bukoba mjini wasikie Kiingereza cha zamani bila kupunguzwa hata neno, wajue Kagoma kuna msomi. Mjinga mimi! Binti aliyecheza mjane akapiga magoti, akawasihi mashemeji kwa maneno ambayo hata yeye hakuyaelewa. Wazee wakatabasamu. Kwetu mwanamke hupiga magoti akisalimia wakubwa, basi walidhani anasalimia. Mmoja akamwitikia kabisa, na wote wakapiga makofi.

Shangazi, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, alinisubiri nje, akaniita kwa neno letu la heshima.

"Waitu, mwalimu, yule binti alikuwa anasema nini?"

Nikamweleza. Akasema:

"Kumbe ulikuwa na maneno yangu mdomoni, ukayameza."

Wiki iliyofuata ukoo ukakaa kikao, shangazi akafukuzwa. Alifia kwenye chumba cha kupanga huko Buhembe. Sijui kama mchezo ungewageuza wazee wale. Ninachojua ni kwamba niliwanyima hata nafasi ya kuona aibu, na sijajisamehe.

Leo wewe, mwalimu wa Hamugembe, unaniambia kugeuza kazi ya kale iwe Kiswahili ni kuiharibu. Unaniudhi! Aliyeiandika aliwaandikia watu wa wakati wake, wakamwelewa palepale. Wewe ndiye unayemziba mdomo. Igeuze, lakini uchungu wake uuache mzima. Usiilainishe ukadai unairahisisha. Kisha msomee mama ambaye hakupita shule. Akikunja uso kwa kutoelewa, kaa chini uandike tena.

Mungu akubariki, mwanangu, akujalie ulimi unaowafikia watu. Mimi alinijalia, nikautumia kujisifu.