Chupa Iliyozikwa Juu ya Mlali

Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kurudi Morogoro na stashahada ya maabara kutoka ng'ambo. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua maabara, tayari nilikuwa na darubini yangu na kibao mlangoni. Nayataja haya ili ieleweke kwamba nilijua ninachosema.

Dada yangu alipotolewa kidole tumbo, daktari alimkabidhi mama kile kinyama ndani ya chupa ya dawa. Siku hizo ndugu wa mgonjwa ndio waliopaswa kukipeleka kupimwa Dar es Salaam. Mama hakunisubiri. Alimpa chupa kaka yake, naye akapanda nayo mlimani, juu ya kijiji cha Mlali, akaizika katika ardhi ya ukoo, palipozikwa vitovu vyetu. Kwetu Uluguru kilichotoka mwilini mwa binti ni cha ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji.

Nilipata habari siku ya tatu. Nikapanda nikiwa na koti langu jeupe, kwa makusudi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kumpima nani?"

Nilimweleza kwamba kidole tumbo kinaweza kuficha uvimbe ambao jicho la mpasuaji haliuoni, na kwamba bila kukikata na kukitazama kwa darubini, kila mtu anakisia tu. Akauliza kwa nini nisikitazame kwa hiyo darubini niliyoisifia tangu Idi. Nikasema yangu ni ya damu, choo na mkojo.

"Dada yako amepona. Jana alikula ugali."

"Ana watoto watatu, mjomba. Nataka kujua kama amepona, si kama amekula."

Nilipoahidi kukirudisha, akachukua jembe.

Nilitegemea kukuta kimeoza. Lakini mjomba hakuipenda harufu ya ile dawa, kwa hiyo hakuifungua chupa, aliizika nzima. Dawa ile ndiyo huzuia nyama isioze. Niliipeleka Dar es Salaam mwenyewe.

Majibu yalichukua wiki tano. Kwenye ncha kulikuwa na uvimbe kama punje ya mchele, saratani ya aina inayokua polepole, nao ulikuwa umetoka wote. Dada aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaenda kuwapikia watoto.

Kipande kilichobaki nilikirudisha mlimani, kama nilivyoahidi. Mjomba alikizika bila chupa, kisha akawaambia wazee kwamba kama yeye asingekihifadhi vizuri ardhini siku zile, kingeharibika kabla ya kupimwa. Wazee wakamshukuru. Nilikuwa nimesimama palepale, na koti langu.