Naam-Redio wa Wambaa

Babu yangu Hamad aliitwa Naam-Redio tangu ana miaka ishirini mpaka tunamzika, na kosa lake lilikuwa adabu tu.

Msimu wa karafuu wa mwaka hamsini na tisa, kila alasiri watu hukaa jamvini kijijini Wambaa, wanatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, na bibi mmoja wa hapo, Bi Mwatum, anatoa hadithi. Hamad ndiye mwitikiaji wake. Bi akisema neno, yeye "naam". Bi akivuta pumzi, yeye "ehe, akafanyaje?" Bila hivyo bibi haendi, kama baiskeli iliyokatika mnyororo.

Ndipo Turki akaweka redio dukani kwake. Siku ya kwanza ikatoa hadithi ya mke wa jini. Hamad, kwa sauti: "Naam!" Redio ikaendelea zake. "Ehe, akafanyaje?" Redio ikaingia matangazo ya vifo.

Turki akaangukia magunia kwa kicheko. "Ngoja, Hamad, itakujibu kwa barua!"

Mpaka magharibi kijiji kizima kishajua, na jina kishabandikwa.

Hamad akafunga mdomo, hata jamvini. Bi Mwatum akasimulia siku mbili, zote mbili akakwama njiani. Watu wakawa wanachambua mbiombio wawahi redio. Siku mbili tatu nyingine hivyo, bibi angebaki anawahadithia makonyo.

Siku ya tatu akaanza hadithi ya kipofu aliyeibiwa mbuzi.

"Kipofu akatoka, akamwona mbuzi wake kwa mbali, mweupee..."

Hamad anachambua, mishipa ya shingo imemtoka.

"Na mwizi naye kipofu akamwona, kavaa kanzu ya kijani..."

"Aa, Bi Mwatum! Kipofu kamwonaje?" ikamtoka Hamad.

"Kumbe umo! Haya nambie wewe, mwanangu, kamjuaje?"

Hamad akanusa viganja vyake. "Kwa... kwa harufu. Mwizi katoka kuchuma karafuu."

"Basi wezi sote humu!" akadakia Khairiya, jirani yao.

"Na wewe wa kwanza!" Hamad akamrudishia.

Jamvi zima likacheka. Bi Mwatum akaichukua ile harufu, akaenda nayo mpaka mbuzi akapatikana, "naam" inamfuata nyuma. Keshoye hata Turki alikuja kukaa jamvini. Redio aliiacha dukani inasema peke yake.

Jina halikufutika lakini. Haya, kwenu nani kabandikwa jina la aibu, na lilianzaje? Andikeni hapo chini. Mukisoma mukanyamaza, basi redio ni mimi.