Nyumba Isiyo Shamba Wala Mji

Barua mbili zilifika katika juma moja. Ya kwanza ilitoka idara ya usafiri ya kaunti. Ilisema kwamba gari la kuwachukua wagonjwa halitafika kwetu, kwa kuwa tunaishi mashambani, nje ya mipaka ya huduma. Ya pili ilitoka ofisi ya mpango wa kuwasaidia wagonjwa wa vijijini. Ilisema kwamba ombi letu limekataliwa, kwa kuwa tunaishi ndani ya eneo la jiji kuu la Washington, na kwa hiyo sisi si watu wa vijijini. Nyumba ni ile ile. Kisanduku cha posta ni kile kile, na aliyezileta ni mwanamke yule yule mwenye gari jeupe.

Aliyezisubiri barua hizo alikuwa mama yangu. Ana miaka sabini na sita, figo zake zimekufa, na anapaswa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma katika kliniki moja ya Germantown, mji mdogo wa jirani: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Nilimsomea zote mbili mezani, nikizitafsiri polepole. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza saa, "Sasa wao wanasema tunakaa wapi?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira hiyo haijaniisha.

Sikuzaliwa hapa. Nilikuja Washington kama mwanafunzi, nikapanga chumba mtaa wa Shaw zamani zile ambapo mwanafunzi aliweza kupanga chumba Shaw. Baadaye nilipata kazi ya maktaba mjini, nikaolewa, nikahamia Germantown kwenye nyumba za kushikana kuta, nikaachika, nikabaki na nyumba. Baba alipofariki nilimleta mama kutoka kijijini kwetu Makete. Alivumilia nyumba ile mwaka mmoja. Haikuwa na udongo. Ilikuwa na mita mbili za nyasi ambazo chama cha wenye nyumba kilizipima urefu, na alipopanda maboga pembezoni mwa ngazi tuliletewa onyo la maandishi. Nikauza. Nikanunua nyumba ndogo ya zamani upande wa kaskazini-magharibi mwa kaunti, mahali ambapo lami inakuwa nyembamba na msimu wa joto mahindi na soya vinasimama pande zote mbili za barabara. Maji yetu ni ya kisima. Upepo ukiangusha mti, umeme hukatika siku mbili. Mfanyakazi mwenzangu kutoka Nyeri alipotutembelea mara ya kwanza alishuka garini akacheka mpaka akajishika kiuno. "Dada, nyinyi mmerudi ushago kabisa! Hata maji ni ya kisima? Woi! Na tulikimbia hayo yote tukapanda ndege!"

Mama alifurahi. Alifyeka kipande nyuma ya nyumba, akalima matuta, akapanda maharage, figiri, maboga na viazi. Paa walikula nusu, naye akasema nusu iliyobaki inatosha watu wawili. Katika barabara ile yote, yenye urefu wa maili kadhaa na iliyojaa watu wanaojiita wakazi wa mashambani, mtu pekee niliyemwona akishika jembe kwa mikono yake alikuwa yeye. Mashamba makubwa ya pande zote yamekodishwa kwa kampuni. Mtu huja na mashine mara chache kwa mwaka, hashuki, kisha huondoka.

Jirani wa karibu ni mwanasheria. Siku tulipohamia alikuja na keki, akafungua mikono yake kuelekea mahindi yasiyo yake na kusema, "Karibuni mashambani! Hapa ndipo maisha halisi." Ana farasi wawili. Alipoondoka mama aliniuliza, "Huyu analima nini?"

"Halimi, mama. Ni mwanasheria. Anafanya kazi mjini."

"Na farasi?"

"Ni wa kupanda."

"Kwenda wapi?"

"Kuzunguka, halafu kurudi."

Mama alilifikiria jambo hilo. "Basi ana nafasi," alisema.

Ni jirani huyo huyo ambaye, kaunti ilipopendekeza kuurefusha mstari wa basi mpaka kwenye njia panda yetu, alisimika bango mbele ya uzio wake: *Tulinde maisha yetu ya mashambani. Hatutaki basi.* Wengine wakafuata. Bango liliota mbele ya kila nyumba yenye magari matatu. Basi halikuja. Nilimkuta kwenye kisanduku cha posta nikamwambia kwamba mama yangu ni mgonjwa na basi hilo lingemfaa. Alinisikiliza kwa uso wa huruma ya kweli. Alisema anatuombea, lakini basi huleta msongamano, na msongamano huharibu tabia ya mahali. Tabia ya mahali! Nimekulia mahali ambapo watu walimwandikia barua mkuu wa wilaya mwaka hadi mwaka wakiomba gari, gari lolote, hata la mizigo, lipite mara moja kwa juma. Sijapata kusikia mtu wa kijijini akipigana ili basi lisifike kwake. Anayeweza kulikataa basi ni yule tu ambaye hajawahi kulihitaji.

Kwa muda nilimpeleka mama mimi mwenyewe, kwa kuwa nilifanya kazi nyumbani. Kisha mwajiri akatuita turudi ofisini, Jumatatu hadi Alhamisi, bila udhuru. Jumamosi niliweza. Jumanne na Alhamisi zikawa bahati nasibu. Niliita magari ya kukodi kwa simu. Dereva akiona umbali na barabara isiyo na abiria wa kurudi naye, alighairi. Mama alikaa sebuleni na koti lake na mkoba magotini, mimi nikiwa kwenye treni nikiangalia madereva wakitoweka mmoja mmoja kwenye kioo cha simu. Akakosa siku moja. Akakosa mbili. Miguu ikavimba. Muuguzi wa kliniki ile, Mkenya mwenye maneno mengi na mikono mizuri, alimpima uzito akamgeukia kama mjukuu anayemtania bibi. "Shosho, hii maji yote umebeba ni ya nani? Usiniletee mchezo." Kisha alinivuta pembeni, na kicheko kikaisha. "Hii kukosa-kosa itammaliza. Nakuambia ukweli kama dada yako. Tafuta gari."

Nilitafuta gari. Ndivyo zilivyopatikana barua zile mbili, na ndivyo nilivyokata rufaa dhidi ya ile ya pili.

Kikao kilifanyika katika chumba kidogo kisicho na dirisha. Mama alivaa kitenge chake kizuri na kilemba, akapaka mafuta usoni, akaingia akitembea wima, jambo ambalo nyumbani alikuwa ameliacha. Alimwamkia afisa kwa mikono miwili. Afisa, mwanamke kijana mwenye adabu, alisema ninaweza kumtafsiria mama mimi mwenyewe. Nilileta picha: kisima, shimo la maji taka, zizi la ng'ombe lililo mita mia tatu kutoka mlangoni kwetu, trekta likiwa limeziba barabara. Afisa alizitazama kwa heshima, kisha akaigeuza kompyuta nione ramani. Kaunti yetu nzima ilikuwa na rangi moja.

"Kaunti yote imehesabiwa kuwa jiji kuu," alisema.

"Hata zizi?"

"Hata zizi."

"Ng'ombe wanajua?"

Alitabasamu kidogo, akajizuia. Akasema kwamba upo mwanya mmoja. Msimamizi anaweza kuruhusu mtu aliye nje ya ramani, ikithibitika kwamba hana njia yoyote ya kufika kwenye matibabu. Lakini lazima mgonjwa mwenyewe aulizwe. Akamgeukia mama na kuuliza swali moja: binti yako akiwa kazini, nani anakupeleka?

Nilitafsiri. Mama alijiweka sawa kitini.

"Mwambie tunamshukuru kwa kutuita," alisema. "Mwambie mwanangu ananitunza vizuri sana, sipungukiwi na kitu. Na siku akiwa na kazi, majirani wapo."

Afisa alisubiri, kalamu mkononi. Ilikuwa rahisi kusema uongo. Hakuna mwingine chumbani aliyejua Kiswahili, na sentensi niliyoihitaji ilikuwa fupi: hakuna mtu. Lakini mama alikuwa akinitazama midomo, na alikuwa amekwisha kujifunza neno la Kiingereza la jirani kutoka kwa yule aliyeleta keki. Nikatafsiri kama alivyosema, neno kwa neno. Afisa aliandika. Aliandika kwa furaha, nadhani, kwa sababu alikuwa amesikia habari njema.

Garini nilipiga kelele. Sijivunii. Nilimuuliza mama ni majirani gani, wa wapi, ni lini mmoja wao alimpakia hata mara moja. Yule wa farasi? Yule wa mwisho wa barabara ambaye hatujui hata sura yake?

"Usinifokee," alisema. "Ulitaka nimwambie nini mtoto wa watu? Kwamba mwanangu hanitoshi? Nimeingia ofisi ya serikali ya nchi ya ugenini nikusemee vibaya, halafu niwaseme na majirani?"

"Ulitakiwa useme ukweli!"

"Mtu anakaa shamba, majirani wanakosekanaje? Hilo si la kusema. Atakuuliza umewakosea nini."

Hapo nilielewa, na kuelewa kulinizidishia hasira badala ya kuipunguza. Kule Makete, mdogo wangu alipokataa kuzaliwa, wanaume wa kijiji walimbeba mama kwa machela tangu alfajiri hadi barabarani, wakipokezana bega kila walipofika mteremko mpya. Niliwafuata nyuma nikiwa na miaka minane, nimebeba sufuria na khanga. Miongoni mwao alikuwapo mtu aliyekuwa na kesi ya mpaka na baba. Siku hiyo hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyemshukuru kupita kiasi. Kwa mama, kuishi kijijini maana yake ni hiyo, na mtu asiyebebwa ni mtu aliyefanya ubaya mkubwa hata watu wakamsusa. Afisa alimuuliza habari za usafiri. Yeye alisikia akiulizwa kama ametengwa na watu.

Ndiyo maana nawakasirikia wote, wenye ramani na wenye mabango. Hawa wa ramani wanadhani kijiji ni umbali kutoka mjini. Wale wa mabango wanadhani ni mandhari. Wamegawana mahali petu baina yao. Mmoja amechukua jina, mwingine amechukua hesabu, na katika mgawo huo hapakubaki hata bega moja la kumbebea mgonjwa.

Barua ya kutukatalia ilikuja, fupi na yenye adabu. Mwombaji, ilisema, amethibitisha kuwa ana usafiri wa jamii. Ilituruhusu kukata rufaa mara moja zaidi kwa maelezo ya maandishi yenye sahihi ya mgonjwa mwenyewe. Niliyaandika kwa siku tatu. Niliandika kama nilivyofundishwa chuoni, bila kulia na bila kutukana: kwamba tumeishi pale miaka minne, kwamba hakuna jirani aliyewahi kumpeleka mama hospitali, kwamba mimi binti yake siwezi kumpeleka Jumanne wala Alhamisi, kwamba amekosa matibabu mara tano. Nikamsomea kwa Kiswahili Jumapili baada ya chai.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ondoa hiyo ya majirani," alisema.

"Hiyo ndiyo wanayoitaka, mama."

"Na hiyo yako. Kwamba hunipeleki."

"Nikiondoa hizo mbili hakuna kinachobaki."

Nilimpa kalamu. Aliishika, akaisoma karatasi ambayo hakuweza kuisoma, mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Kisha akailaza kalamu mezani, upande wangu.

"Siweki mkono wangu hapo," alisema. "Mpigie mdogo wako."

Mdogo wangu, yule wa machela, anaishi Langley Park, katika kaunti nyingine iliyo karibu na jiji, na watoto watatu katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, mbele yake ujenzi wa reli usiokwisha na mabasi yaliyojaa. Alisema ndiyo kabla sijamaliza kueleza. Mama alifunga mizigo yake mwenyewe. Maharage yalikuwa bado machanga. Alipita kwenye matuta akiyagusa majani, hakuchuma kitu, akaingia garini. Njiani aliniuliza kama kule kwa mdogo wangu wanauza majani ya maboga. Nikamwambia wanauza kila kitu.

Jumanne ya kwanza niliomba ruhusa kazini ili niwepo. Saa mbili kasorobo asubuhi gari la wagonjwa la kaunti ile lilisimama mbele ya jengo, likapiga honi mara moja. Mwanamke wa ghorofa ya chini, Msalvador ambaye mama alikuwa amemfahamu kwa siku mbili na ambaye hana lugha hata moja ya pamoja naye, alikuwa amekwisha kutoka na kumshika mkono ngazini. Dereva alishusha jukwaa la kupandia, akasoma jina lake kwenye orodha, akamfunga mkanda. Hakuna aliyeuliza swali. Yote yalichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Gari likaondoka, nikabaki nimesimama kando ya barabara, nimejaa hasira kuona jinsi lilivyokuwa jambo dogo.