Mti uliogoma kuchanua langoni kwa Mama Agathe

“Toka hapo, Honorine, ao nitalima na miguu yako!”

“Lima basi. Mie sitoki.”

Ni Jumamosi asubuhi, saa za salongo, kazi ya usafi ya pamoja, na mtaa mzima wa Mudzipela uko barabarani na majembe na fagio, unazibua mifereji. Mashahidi ni wengi. Mama Agathe, mjane aliyepita miaka sitini, ameinua jembe mbele ya lango lake. Honorine, anayeotesha na kuuza miche ya maua, amesimama juu ya shina la mti ambao jembe linautaka. Mikono kiunoni.

Mti wenyewe ni bugenvilia. Una miaka mitatu. Umepanda ukuta, umevuka lango, sasa unaingia kwa jirani. Majani yake ni mapana, ya kijani kibichi, hata katika kiangazi hiki kinachokausha kila kitu Bunia. Miiba unayo tele. Ua, hata moja, haujatoa.

“Batu bananicheka,” anasema Mama Agathe. “Uliniambia nini siku ile unaniuzia? ‘Mama, itakuwa nyekundu mpaka macho iume.’ Iko wapi hiyo nyekundu?”

Kabla Honorine hajajibu, Blanchard, dereva wa pikipiki anayekaa ng’ambo ya barabara, anaegemea ufagio wake.

“Mama Agathe! Ile sombe yako iko tayari? Nilete makayabu tupike?”

Barabara yote inacheka: majani matupu ni ya sombe, kisamvu cha kupikwa na makayabu, samaki wa chumvi. Hata Honorine midomo inamcheza, ila anajizuia. Huu si wakati wake wa kucheka.

Baada ya Pasaka, Léonie, binti wa mwisho wa Mama Agathe, ataolewa. Ukoo wa bwana harusi utaleta ng’ombe wa mahari, na utapokelewa kwenye lango hili. Mama Agathe anataka wageni wakute maua. Jana alikwenda sokoni akanunua ya plastiki, mafungu kwa mafungu, na sasa mfuko umening’inia kwenye komeo la lango.

“Haya hayagomi,” anasema akiupiga mfuko kofi. “Unatundika, yanachanua.”

Maneno hayo ndiyo yanayomuuma Honorine kuliko jembe. Mti ukichimbuliwa leo, mbele ya mtaa mzima, kesho kila lango la Mudzipela litakuwa na plastiki, naye atarudi nyumbani na miche yake.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na hakuzaliwa na maua mkononi. Alikuwa anashuka Kasenyi kununua samaki wa ziwani na kuwapandisha Bunia. Njia ilipoharibika kwa vita, na wenzake wawili wasirudi, aliacha. “Nilikuwa na batoto bane na deni,” anasema. “Samaki ilikuwa imekwisha. Nikaangalia, nikaona batu banajenga.”

Aliona sawasawa. Wanaotoka kwenye machimbo ya dhahabu wakiwa na pesa hujenga upesi, na wanataka maua kabla rangi ya ukuta haijakauka. Honorine alianza na vipandikizi alivyoomba kwenye uzio wa parokia, akavichomeka kwenye bidoni za mafuta zilizokatwa katikati. Leo ana bidoni zaidi ya mia mbili kandokando ya barabara huko Shari. Mche mmoja huuzwa faranga elfu tano, ukiwa na bahati ya kukutana na mnunuzi asiyejua kubishana.

Lakini bugenvilia zimemtesa. Wateja wanazipenda, kisha zinawagomea. Yeye mwenyewe alichukua muda kuelewa kwamba mti huu hautaki mapenzi mengi. Unataka jua la kutwa, udongo mkavu, na mtu mwenye moyo wa kuunyima. Kunyima nako ni kazi, na si kila mtu anaiweza.

Mama Agathe haiwezi kabisa. Ukoo wake ni wa ng’ombe. Kila wiki mwanawe Gauthier humtumia gunia la mbolea kutoka zizini, limefungwa nyuma ya pikipiki, na gunia zima humwagwa kwenye shina hili. Juu yake huja maji ya vyombo, asubuhi na jioni. Kwao, ukipenda kitu unakilisha.

“Uache mbolea,” Honorine anasema kwa mara nyingine. “Uache maji. Ukate ile tawi ya avoka inafunika jua. Muti imeshiba, Mama. Haina haja ya kuzaa.”

“Kwangu hakuna anayelala njaa!” Mama Agathe anafoka. “Hata mbwa ya jirani inakula hapa. Leo uniambie ninyime muti nilipanda na mikono yangu?”

“Njo hivyo. Unyime.”

“Na ile ya Gérard? Si ulimwambia vilevile? Ilikufa! Nilipita pale, niliona kuni!”

Gérard ana duka mtaa wa pili, na habari za mti wake zinajulikana. Honorine anashusha mikono kutoka kiunoni.

“Ilikufa,” anasema. “Pale kwa Gérard ni changarawe tupu, nami nilimkatalia maji kama vile ni hapa kwako. Muti ilikuwa konda tangu mwanzo. Hii yako iko na mafuta ya miaka tatu. Haiwezi kufa na njaa ya mwezi mbili.”

Jembe linashuka taratibu mpaka chini. Mama Agathe anaangalia majani yale mapana kana kwamba ndiyo kwanza anayaona.

“Kama ile mutamba ya Hippolyte,” anasema.

Hippolyte alikuwa mume wake. Ile mutamba, anaeleza, ilikuwa ndama jike aliyependwa nyumbani, akalishwa majani ya bondeni na chumvi mkononi, mpaka mgongo ukawa mpana kama kitanda. Dume lilimpanda msimu baada ya msimu. Mimba haikushika.

“Siye wote tulisema amerogwa. Hippolyte akasema hapana, amenona. Akamupeleka kwenye kilima, kwenye majani mabaya. Nililia siku ile. Nilimwambia, ‘Weye muzee, unamuua mutoto yangu.’”

“Kiisha?” Honorine anauliza.

“Kiisha alizaa. Akazaa mpaka akazeeka.” Mama Agathe anamgeukia. “Juu ya nini hukuniambia hivyo tangu zamani? Unaniambia mambo ya jua, jua! Mie najua ng’ombe.”

“Mie najua samaki, Mama. Ng’ombe ningejulia wapi?”

Safari hii wanacheka wote wawili. Lakini Mama Agathe si mtu wa kucheka muda mrefu.

“Na kama haitoe?”

“Nitaichimbua mie mwenyewe, na plastiki yako nitaitundika na mikono yangu, siku ya arusi, batu bote baone.”

“Batakuona kweli.”

Halafu Mama Agathe anageuza jembe. Halipigi shina, linakwangua. Mbolea ya miaka mitatu inatoka kwa mabonge meusi, na mizizi iliyojificha humo inaona jua. Honorine anatoa mkasi wa kupogolea kwenye kikapu na kuanza kukata machipukizi marefu, moja baada ya jingine, miiba ikimchana viganja. Blanchard anaitwa, anapewa panga na kuoneshwa tawi la parachichi. Anapanda. Linapoanguka, mwanga unashuka ukutani kote mara moja.

“Na hii mbolea uibebe,” Mama Agathe anamwambia Blanchard anaposhuka. “Peleka kwako, ulime sombe ya kweli. Makayabu utajinunulia.”

Honorine anasema mvua zikichelewa kidogo, maua yatatangulia ng’ombe wa mahari. Yakitangulia, anataka kupanda bugenvilia kwenye kila lango la barabara hii, bei ya jirani. Anasema hivyo kwa sauti, ili barabara isikie.

Wakati huo Léonie anatoka ndani na beseni la maji ya vyombo. Hajui lililotokea. Anaelekea kwenye shina, kama kila asubuhi, na anainamisha beseni.

Mama Agathe anamnyang’anya, anavuka barabara, anamwaga yote kwenye mfereji. Anarudi na beseni tupu kiunoni, anasimama mbele ya mti.

“Weye,” anauambia, “leo hakuna kula.”