Shikamoo za Njia ya Ulemo

Nakumbuka Jumamosi moja, alizeti imeshavunwa, nilipokimbia kilomita arobaini na mbili kwa ajili ya paa. Ndiyo, mwanangu, paa. Pale Ulemo tulikuwa tumejenga nyumba ya kina mama wajawazito kungojea siku zao, jirani na zahanati, na kuta zake zilikuwa zimenyeshewa misimu miwili bila bati. Mwenye mashine ya kukamua alizeti aliahidi mabati yote kwa sharti moja: mkimbiaji wa kijiji chetu amalize mbio za hisani. Kutoa ni moyo, lakini yule bwana alitaka kuona na moyo wetu pia. Mkimbiaji nilikuwa mimi, fundi baiskeli, niliyejifunza kukimbia kama nilivyojifunza kila kitu, kwa kusoma na kuandika kwenye daftari.

Nilijiandaa miezi mitano. Tatizo moja tu vitabu havikulitaja. Njia ilianzia upande wa Sekenke, ikapindishwa kupita vijijini, na kila kijiji wazee wangetoka na vigoda vyao kukaa kando ya barabara. Unajua kwetu: humpiti mzee bila shikamoo, na wazee sita hawagawani shikamoo moja. Nikapiga hesabu ya pumzi, nikaamua siku hiyo nitapunga mkono tu.

Kweli nikapunga. Kijiji cha tatu nikasikia wazee wawili wakisemezana kwa Kinyiramba.

"Huyu nani?"

"Fundi baiskeli wa Ulemo."

"Mbona anatupungia kama mgombea?"

"Ngoja, akirudi ataomba kura."

Walicheka. Mimi nikaangalia saa. Nilikuwa mbele ya ratiba yangu kwa dakika saba, nikajiona mwerevu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, ila kilomita ya thelathini na moja, kwenye kilima, lilikakamaa kama mpini wa jembe, nikakaa kwenye changarawe. Niliyaona mabati yakirudi yalikotoka. Mbele yangu kidogo alikaa Bibi Salome, mkunga wa zamani wa kijiji kile, na kibuyu cha togwa aliyowaletea wakimbiaji. Hakuinuka. Alinitazama tu mpaka nikaelewa anangoja nini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe ulimi upo. Tuliposikia unapunga tu, tulidhani umeuacha nyumbani upunguze mzigo."

Akaja, akaninywesha, akaukanda mguu wangu kwa mikono migumu isiyo na haraka. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mjukuu wangu alijifungulia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, njiani kwenda zahanati hiyo hiyo yenu. Nimekaa hapa tangu alfajiri nikuone. Sasa unamkimbilia nani, kama sisi hutuoni?"

Nikaivua saa mkononi.

"Inuka," akasema. "Salimia kila mtu mpaka ufike. Ikikushinda, ujue umekimbia kupita uwezo wako."

Nikaenda nikichechemea, nikisalimia. Shikamoo babu, shikamoo mama, shikamoo mzee. Na wao, mwanangu, wakainuka kwenye vigoda vyao. Marahaba zilinipokea mbele, zikanisindikiza nyuma, mmoja akinipa maji, mwingine akinitania kwamba baiskeli zangu zinakimbia kuliko mimi. Pumzi ikatulia. Baadaye niliyapima yale maneno ya bibi, maana ndiyo tabia yangu, nikakuta ni kweli tupu: mwendo unaoacha nafasi ya kusalimia ndio mwendo wa kufika.

Nilifika wa pili kutoka mwisho. Mwenye mashine alinitazama, akasema sharti lilikuwa kumaliza, si kushinda. Wiki iliyofuata mabati yakashushwa. Masika yalipokuja, mjukuu wa Bibi Salome alilala chini ya paa lile akingojea mtoto wake wa pili, na alijifungua mikononi mwa muuguzi, mvua ikipiga bati juu yao.

Nimekimbia mbio nyingine tangu hapo, nikapata hata medali. Sizikumbuki sawasawa. Ninachokumbuka ni vumbi la njia ile, ladha ya togwa, na sauti za wazee zikinipokea kijiji hadi kijiji.

Basi nakuusia hivi. Ukipata kazi ya kuwatendea watu jambo jema, usiifanye kwa haraka ya kuwapita watu wenyewe. Heshima si utumwa, wala haikupotezei muda. Mpango wako uandike, upime, uufuate, lakini ndani yake acha nafasi ya kusimama mbele ya mtu na kumtambua.

Mungu akujalie safari ndefu, mwanangu. Njia yako isikose watu, na watu hao wafurahi wakikuona unakuja.