Zamu Kumi na Moja za Maji

Nakumbuka siku moja vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na babu yako asisikie hili. Ni siku niliyoipoteza kazi ya mzee mmoja, kisha nikaizunguka milima hii kwa miguu mitupu nikiitafuta. Jana imenirudia, mwanangu, nilipokusikia ukiigombeza kompyuta chumbani. Ilikuwa imezima ghafla na kurasa tisa za ripoti yako ya chuo zimekwenda nayo, hukuwa umezihifadhi. Ulipoiwasha tena ikakuuliza kama unataka ikurudishie kilichobaki, nawe kwa hasira ukabonyeza hapana. Hapo nikacheka, ukaninunia. Nisamehe. Nilikuwa najicheka mwenyewe.

Enzi hizo za Ujamaa mimi ni binti mbichi, nimetoka Moshi kusomea kupiga chapa, nikapangiwa ofisi ya kata hapa hapa kwetu mlimani, ambapo ukisimama uani unaiona Makanya kwa mbali kule bondeni. Nilikuwa na viatu vya raizoni, vile vya soli nene, na maringo ya kuwatosha mabinti watatu. Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa ya maji.

Unaijua ndiva yetu, lile bwawa linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Maji yake yanashuka kwa mfereji, shamba hata shamba, kila mmoja na zamu yake. Lakini mpangilio mzima wa zamu hizo ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu, Mzee Mbwambo, mlinzi wa ndiva. Serikali ya kijiji ilipoundwa, Bwana Shamba akatangaza kwamba zamu ziandikwe, zirudufiwe, zisomwe mkutanoni Jumamosi. Zisizoandikwa zingepangwa upya na ofisi. Na mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, mwanangu. Shamba likikosa maji wakati huo, nyumba hiyo haili mwaka ule.

Mzee alikubali shingo upande. Jumatano akaja, akakaa, akafumba macho, akaanza kutaja zamu kutoka juu hadi chini. Nilitakiwa niandike kwanza kwa kalamu, ndipo nipige chapa. Sikuandika. Nilitaka aone vidole vinavyokimbia, kumbe mwenzangu kafumba macho! Nikapiga moja kwa moja kwenye stensili, zile karatasi laini za nta zinazofungwa kwenye mashine ya kurudufu. Zikawa mbili. Jioni ile kifua kikambana mzee, wakamteremsha hadi Makanya, na kutoka hapo gari likampeleka hospitali Same.

Alhamisi asubuhi stensili ya kwanza ilitoa nakala safi. Ya pili niliivuta kwa pupa, ikachanika katikati na kujiviringisha kwenye wino. Zamu kumi na moja za mwisho zikaishia hapo. Sasa sikia ujinga wangu. Nyuma ya stensili huwa kuna karatasi ngumu, na ukipiga chapa herufi huacha juu yake weusi hafifu unaosomeka ukiutazama kwa utulivu. Kila kitu kilikuwepo pale. Mimi nikaikunjakunja pamoja na vipande vyote, nikavitia kwenye jiko la chai ili mtu asione nilichofanya. Nilipokumbuka ile karatasi ya nyuma, ilikuwa majivu. Haraka haraka haina baraka, tuliiandika sana shuleni kwa mwandiko mzuri.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikaweka stensili mpya, nikaanza kukisia. Niliyemkumbuka nikamweka, nilipokwama nikatia jina lolote la jirani.

Ofisini palikuwa na mama mmoja aliyetupikia chai, Bibi Nanzia, mjane. Alikuwa anajifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, na kila karatasi aliyoiona alijaribu kuisoma. Akasimama nyuma yangu na birika mkononi, akasoma kwa kidole, herufi moja moja.

"Baada ya Mama Elia umemweka... Ki-a-ngi?"

"Nadhani ni Kiangi, mama."

"Nadhani haimwagilii mahindi, binti. Baada ya Mama Elia ni mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanamke aliyenimiminia chai asubuhi ile, nilikuwa nimemfuta kwenye mfereji bila hata kumwazia. Nikalia, nikamweleza yote, stensili, jiko na karatasi ya nyuma. Hakunigombeza sana. Alisema tu, "Mficha uchi hazai. Ungesema asubuhi, tungekuwa tumeshafika mbali." Nikamuuliza kama anazijua zamu zote.

"Zote anazo mzee. Mimi napokea maji kwa Mama Elia, nikimaliza nampa Yusufu. Yusufu anampa nani, kamuulize Yusufu."

Basi nikashuka kwa Yusufu. Yusufu akanituma kwa Mama Elineema, yeye akanituma kwa mwingine, nami safari hii naandika kwa kalamu, kila jina pale pale. Raizoni nilizivua shamba la pili, zilikuwa zinazama kwenye tope, nikazibeba kama kuku wa kupeleka mnadani. Watu walicheka, lakini hakuna aliyeninyima jibu. Shamba la saba ndipo nikakwama. Lilikuwa la huyo Kiangi, wa juu yake alinitajia kwa kuwa zamu bado ina jina lake, na Kiangi alikwisha hamia kijiji kipya cha ujamaa kule tambarare, mlango una komeo. Nikakaa kwenye jiwe, nikaona nimekwisha.

Kisha nikawaza, kama kila mtu anamjua anayepokea kwake, basi anamjua na anayempa. Nikaruka, nikaenda shamba lililofuata chini yake, nikamwamkia mzee niliyemkuta akiparura mfereji.

"Shikamoo. Maji unapokea kwa nani?"

"Marahaba. Zamani kwa Kiangi. Tangu ahame, Mzee Mbwambo alisema nipokee kwa huyo wa juu yake, mpaka Kiangi atakaporudi."

Jua linatua nilikuwa na zamu zote kumi na moja, na ukiacha ya Kiangi, kila moja nimeisikia kwa wenyewe.

Ijumaa nikaenda Same na karatasi zangu. Nilimkuta Mzee Mbwambo amelala kiubavu, sauti ndogo. Nikamsomea kutoka mwanzo. Alihesabu kwa vidole juu ya shuka mpaka nilipomaliza.

"Ndizo," akasema. "Lakini mbona hunitazami machoni?"

Nikamwambia yote, hata la jiko. Mzee akacheka mpaka akakohoa, muuguzi akaja kutukaripia. Halafu nikaona machozi yanamshuka.

"Miaka mingi silali vizuri, binti yangu. Nilikuwa nikiogopa kwamba nikifa, maji yatapotea njia. Kumbe kila mmoja alikuwa na kipande chake. Nenda kawasomee. Mimi leo nitalala."

Akalala kweli, kabla sijamaliza kukunja karatasi. Nilikaa pale kitandani nikimtazama, nikampenda kama baba yangu. Jumamosi nikasoma zamu zote mkutanoni, na Bibi Nanzia akaitikia jina lake kwa sauti hata watu wakageuka.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kazi ikipotea, kwanza ondoa mkono. Usifute wala usichome chochote, usibonyeze kitu kwa hasira, maana mara nyingi kilichobaki kipo pale pale ubavuni mwako. Cha pili, sema mapema. Cha tatu, usikisie ukaita ukweli, kwa sababu katika kukisia kwako kuna mtu utakayemfuta. Ripoti yako haikuwa kwenye kompyuta peke yake. Mpigie yule rafiki uliyemsomea sura ya pili hadi nikashindwa kulala mchana. Mwombe mwalimu ile rasimu ya mwanzo. Rudi kwa wale wamama wa Lembeni uliowahoji, watakwambia tena, na pengine watakumbuka zaidi. Na kuanzia leo hifadhi kila unapovuta pumzi, maana majuto ni mjukuu, na mjukuu mmoja ananitosha.

Nenda kaandike. Mwenyezi Mungu aliyewaweka watu juu yako na chini yako akujalie uwajue kwa majina. Akupe moyo wa kuwaendea ukiwa umekosea, na wao awape subira ya kukujibu. Nawe ikifika zamu yako ya kutoa, usiwe na choyo. Amina, mwanangu.